Safu ya "Sijui"

Kitabu changu kina kurasa mia moja tisini na mbili,
zote juu ya mizani:
ya duka, ya posta, ya mfamasia,
ile yenye sahani mbili za shaba na kisu cha chuma katikati
ambacho makali yake yakifa, hata gramu hudanganya.
Nimekiandika mwenyewe, nimekilipia mwenyewe,
na Novemba, theluji ikisitasita juu ya mapaa ya Panevėžys,
nikakiacha mtandaoni
kama mtu aliyesahau mwavuli kwenye treni.

Gintautas, mtoto wa kaka yangu, akasema:
"Shangazi, biashara matangazo."
Zikaenda euro thelathini kwa wiki.
Siku ya saba, birika halijachemka, nikafungua hesabu:
waliokiona, elfu kumi na moja.
Elfu kumi na moja! Uwanja wetu wa mpira haujai hivyo.
Waliobofya, mia nne na kumi na wawili.
Walionunua, watatu.
Mmoja wao Gintautas.

Miaka thelathini na minne nimekuwa nikisahihisha vipimo.
Naijua mizani inayolewa unyevu,
namjua muuza samaki mwenye kidole gumba kizito.
Lakini kuona huku sikukujua,
jicho kupita nusu sekunde likitafuta picha ya paka.
Kuona si kutazama,
na kutazama si kuja na pochi.

Basi nikafanya kama nifanyavyo karakana:
ukitafuta kasoro, badilisha kitu kimoja, vingine viache.
Wiki hii jalada la kijani, wiki ijayo la kijivu,
maneno yaleyale, saa ileile, pesa zilezile.
Kila mlango nikaupa neno lake la punguzo:
SHABA kwa matangazo,
RISASI kwa barua pepe nilizopeleka makumbusho ishirini,
na PAMBA, niliyoiandika kwa penseli
kwenye vijikaratasi ishirini na sita,
kila kimoja ndani ya mizani niliyokuwa nikiirudisha kwa mwenyewe.
Gintautas alicheka hadi akaketi.
"Karatasi, Shangazi? Karne hii?"

Machi nikajumlisha.
La kijivu lilibofywa zaidi.
La kijani liliuza zaidi, vinne kwa viwili,
na vinne kwa viwili ni upepo dirishani, si ushahidi.
SHABA: hivyo sita, kila kimoja kimenigharimu kuliko bei yake.
RISASI: viwili, na barua ya shukrani kutoka Graz
ndefu kuliko utangulizi wangu.
PAMBA: tisa.
Tisa! Kwa penseli ya senti arobaini.

Ningeishia hapo ningekuwa na methali.
Lakini wenye mizani mbovu wamebaki wangapi,
na nani bado anampelekea fundi?
Kisima cha PAMBA nakijua kina chake:
ndoo yangu imeshagonga mchanga.

Halafu kuna kile kimoja.
Tarehe tisa Februari, saa tisa na robo usiku,
kimenunuliwa kitabu, bei kamili, bila neno lolote,
kipelekwe Punta Arenas, huko dunia inakoishia,
kwa Eulalia Barrientos.
Hakubofya tangazo. Hayumo kwenye orodha.
Hakuna mlango aliopitia, na yumo ndani.
"Hiyo ni kelele tu," anasema Gintautas. "Itoe kwenye hesabu."

Itoke iende wapi?
Mizani nzuri hutetemeka kabla ya kutulia;
fundi mjinga ndiye huishika mkono.
Nimechora safu ya nne kwenye daftari.
Juu yake nimeandika: Sijui.
Chini yake: 1.

Nikakifunga kwa karatasi ya kaki, kona zikabana sawasawa,
nikakipeleka posta kwa miguu.
Mizani yao ya umeme ikasema gramu mia tatu themanini na nne.
Ilikosea mbili.
Binti wa dirishani akanitazama.
Nikalipa.